Zamu ya Mwisho Mfongoni

Mama mdogo alinipigia simu asubuhi, kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu, akaniuliza kwa upole kama meseji ya zamu yake imechelewa. Alisema majirani wote wa shambani wameshapata zao. Nikamwambia niachie mimi, nakata simu sasa hivi, nakupigia. Meseji za zamu zilitoka tangu jana yake, zote kwa mara moja, na hakuna meseji inayochelewa peke yake.

Anayeijua Machame, kule mlimani Kilimanjaro, anaujua mfongo. Ni mfereji wa kuchimbwa kwa majembe ya mababu, unaochukua maji mtoni huko juu, unapita kwenye vihamba vya migomba na kahawa, unashuka mpaka mashamba ya tambarare, chini ya mji mdogo wa Kwa Sadala. Usiku maji hukusanywa kwenye bwawa dogo linaloitwa nduwa. Mchana hufunguliwa kwa zamu, kila shamba kwa ukubwa wake, na zamu ya mtu haiguswi. Watu wameachana unyumba kwa mambo madogo kuliko hayo. Zamani zamu zilitangazwa kwa pembe na kwa midomo, lakini pembe haisikiki tambarare, na maneno yakishuka mlima yanafika yakiwa mengine. Ndiyo maana kamati ya mfongo ilitutaka mimi na mwenzangu tuitengenezee programu ya kupanga zamu na kuzituma kwenye simu.

Mwenzangu ni mtoto wa Machame, na baba yake ndiye mwenyekiti wa hiyo kamati. Mimi ni binti wa mjini, Mwislamu wa Soweto ya Moshi, baba Mpare, bibi mzaa mama Mmanyema, mchanganyiko kama pilau la shughuli. Tulikuwa na chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mezani laptopu mbili na chini ya meza kompyuta moja ya zamani iliyokuwa ikivuma mchana kutwa. Yeye alijua maji, mimi nilijua kuwatilia watu shaka. Tulielewana hivyo.

Mama mdogo ndiye aliyenilea. Miaka yote alikuwa mshonaji barazani pale Soweto, mpaka macho yakaanza kumgomea kutunga uzi. Akauza cherehani. Akakodi shamba la mwisho kabisa kwenye mfongo, akapanda nyanya. Alipojiandikisha kwa kamati alitaka awe na mtu wa kumgongea mlango zamu ikifika, kwa sababu yeye na simu hawakuwa marafiki. Mimi nikamcheka. Nikamwambia mama, hii simu haisinzii wala haihongwi, itegemee. Sasa nyanya zilikuwa kwenye maua, jua la kiangazi limekaza, na kila mkulima anajua kwamba nyanya ikikosa maji wakati wa maua inayamwaga yote chini, ikabaki majani ya kupendeza yasiyozaa. Zamu yake ilikuwa ile ya alasiri, siku hiyohiyo. Mzunguko mwingine ungekuta nyanya zimekuwa kuni.

Nilipanda bodaboda mpaka ofisini nikiwa sijachana nywele.

Hapo chini ya meza, kwenye ile kompyuta ya zamani, ndipo ilipokuwa seva yangu ya kupima. Nasema yangu kwa sababu niliipigania. Mwenzangu ni mwepesi wa mikono, anaandika programu kama mtu anayepuliza moto, na kila akibadilisha mstari mmoja anataka uende kwa watu palepale. Mimi nikasema haiwezekani. Nikaweka seva ambayo kila mmoja wetu akigusa programu, yenyewe inaichukua nzima, inaijenga upya pembeni, inaipitisha kwenye vipimo vyote tulivyoandika, kimoja baada ya kingine. Kipimo kimoja kikigoma inawaka taa nyekundu na njia inafungwa. Vyote vikipita inawaka kijani, ndipo kitufe cha kutuma kinafunguka. Niliiweka ndani ya kontena, yaani imefungwa na kila inachohitaji mahali pamoja, isichanganyike na mazagazaga mengine ya ile kompyuta. Mama mdogo aliposikia kontena aliniuliza kama nafungua duka la vinywaji. Kontena lenyewe unaweza kulivunja na kulisimamisha tena bila hasara, ili mradi kumbukumbu zake umeziweka kwenye folda la nje. Nilikuwa nimeliweka folda hilo, nimemwonyesha, na nimemwambia mara mia kwamba kontena ni sufuria lakini folda ndilo chakula.

Kipimo cha kwanza kabisa nilichokiandika kilikuwa kinauliza swali moja tu: je, kuna mtu aliyerukwa? Nilikiandika nikimfikiria mama mdogo kule mkiani.

Nikafungua ukurasa wa seva. Kijani. Kijani tupu, juu mpaka chini. Lakini ukurasa wenyewe ulikuwa mfupi, hauna historia, kama nyumba waliyohama watu juzi. Nikaubofya ule mpimo wa mwisho, ule ulioruhusu meseji za jana. Ulikuwa umemalizika kwa kufumba na kufumbua. Vipimo vilivyofanyika: hakuna. Seva ilikuwa haijapima kitu chochote, na kwa kuwa hakuna kilichogoma, ikawasha kijani.

Mwenzangu alikuwa dirishani anakunywa chai na ndizi za kuchoma, ametulia kama bwana harusi. Nikamuuliza seva imefanywa nini.

Akanieleza bila hata kuweka kikombe chini. Juzi jioni, mimi nikiwa nimeshaondoka, seva ilikwama. Diski ilikuwa imejaa pomoni, kila mpimo wa zamani umeacha takataka zake. Baba yake alikuwa anapiga simu juu ya simu, kwa sababu kamati imeongeza tawi jipya la mfongo na nyumba za tawi hilo zinataka ziingizwe kwenye zamu. Mabadiliko alikuwa ameshayaandika, yanangoja kupimwa. Basi akasafisha.

“Ukasafisha nini?” nikamuuliza.

“Yote. Kontena na lile folda lake la nje. Kisha nikaisimamisha upya, ikawaka kijani,” alisema. “Mfongo ukijaa tope unaufunga, unauzoa mpaka nduwa, unaufungulia. Maji si yanarudi yenyewe?”

“Na vipimo vinarudi vyenyewe?”

Hapo ndipo alipoweka kikombe chini.

Sitaandika niliyomwambia. Nina mdomo, naujua, na mwenye duka chini alipanda ngazi kuangalia kama kuna mtu anauawa. Lakini hata katikati ya kufoka nilikuwa nauona ukweli wake, na ndio ulionichoma zaidi. Yeye amekulia kwenye msaragambo. Tangu akiwa mtoto, mfongo ukiziba, kijiji kizima kinatoka na majembe, mnazoa tope lote mpaka kwenye jiwe, hamuachi kitu, na anayeacha tope anapigwa faini. Kwao kusafisha nusu ni uvivu. Mtu wa mjini angeogopa kufuta. Yeye alifuta kwa adabu.

Alipoelewa, alikaa kwenye kiti akashika kichwa. Kisha akataka kufanya lile alilolizoea. Akasema arekebishe mstari wenye kosa sasa hivi, tutume meseji nyingine, tumalize.

Nikamkatalia. Kosa tulikuwa hata hatujaliona liko wapi. Watu wa mfongo wameshatumiwa meseji moja ya uongo. Tukiwatumia ya pili nayo ikawa na uongo wa aina nyingine, alasiri watakutana kwenye nduwa na majembe mikononi, na huko tambarare watu wameshawahi kupasuana vichwa kwa maji. Mama mdogo ni mgeni, mjane, mtu wa mjini, hana kaka wala mtoto wa kiume wa kusimama naye. Meseji ya pili lazima iwe ya kweli, na mimi sikuwa na namna nyingine ya kujua ukweli ila kuisimamisha seva yangu. Tukaanza upya.

Hakuna kazi inayotesa kama kazi ya kungoja mashine huku mtu wako anangoja maji. Nililivunja kontena tupu la mwenzangu. Nikaita jingine lishuke kutoka mtandaoni, mtandao ukawa unatambaa, nikaunganisha simu yangu, bando likaisha, tukaunganisha simu yake. Nikalifungia folda la nje, safari hii kwenye diski nyingine kabisa. Nikaipa seva funguo za kufikia programu yetu. Vipimo vyenyewe, Mungu si Athumani, vilikuwa salama pamoja na programu, kwa hiyo hatukupoteza kuviandika. Tulichopoteza ni maelekezo yote ya kuiambia seva ivipate wapi, ivifanye kwa utaratibu upi na isimame lini. Hayo niliyaandika kwa kukumbuka, naandika nafuta. Mama mdogo akapiga tena. Nikamwambia bado.

Nikaianzisha. Ikagoma: haioni hifadhidata. Nikarekebisha. Ikagoma: neno la siri limekosewa. Mwenzangu alikuwa nyuma ya kiti changu anapumua kisogoni kwangu, nikamwambia aende akapumue dirishani. Adhana ya adhuhuri ilisikika kutoka msikitini, na kule mlimani walikuwa wanajiandaa kwa zamu za mchana. Nikaianzisha mara nyingine, na safari hii ikaanza kupima kweli. Kimoja kikapita. Kingine kikapita. Halafu ikawaka nyekundu.

Sijawahi kuipenda rangi kama nilivyoipenda ile nyekundu. Kipimo kilichogoma ni kile cha kwanza, kile cha aliyerukwa, na chini yake kulikuwa na shamba moja tu: la mwisho kwenye mfongo. Nyumba za tawi jipya ziliongezwa mwishoni mwa orodha, lakini programu ilianza kuzihesabu kwenye namba ileile ya shamba la mwisho badala ya namba inayofuata. Wa mwisho akasukumwa nje, na zamu yake ikaenda kwa nyumba ya kwanza ya tawi jipya. Mwenzangu akairekebisha. Nikaisoma mara mbili. Seva ikapima, polepole, ikionyesha kila ilichopima, mpaka ikawasha kijani cha halali.

Kitufe cha kutuma kikafunguka. Nikaweka kidole, na mwenzangu akanishika mkono. Alisema meseji inayobadilisha zamu haiwezi kwenda bila mwenyekiti kujua. Akampigia baba yake. Nilisikia sauti ya mzee upande wa pili, fupi, kwa Kichaga, kisha simu ikakatwa. Mwenzangu akaniambia baba amesema mambo ya maji hayazungumzwi kwenye simu, tupande.

Tulipanda kwa pikipiki yake. Njiani nilimpigia mama mdogo, nikamkuta ameshaanza kupanda mwenyewe, nikamwambia tunaonana kwenye nduwa. Tulimkuta ameshafika, ameketi kwenye jiwe, khanga kichwani, kandambili zina vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo. Mzee alikuwa amesimama kando ya lango la maji, gamboti miguuni na koti la suti mwilini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba.

Nilimweleza yote, kosa na tulivyolirekebisha. Nilisema zamu ya alasiri ni ya mama mdogo, na kwamba hilo sasa limepimwa na halina shaka. Aliuliza kama jana simu ilisema zamu hiyo ni ya tawi jipya. Nikasema ndiyo, lakini ilikosea. Akatikisa kichwa.

“Mtu amelala akijua maji ni yake,” alisema. “Ameamka amechimba matuta. Nikimnyang'anya leo kwa sababu simu yenu imebadili mawazo, kesho nani atalala?”

Nilipandwa na mori. Nikamwambia kwamba na mama yangu naye hajalala, kwamba haki ni haki hata ikichelewa, kwamba kosa ni la mwanawe, na kama kosa lingemrukia mtu wa ukoo wao tusingesimama hapa tukijadili matuta. Hayo ya ukoo hayakupaswa kutoka kinywani mwangu mbele ya mtu wa umri ule. Mama mdogo alinifinya paja kwa nguvu mpaka machozi yakanilengalenga. Mwenzangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Mzee hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha. Alimwambia mwanawe neno moja. Mwenzangu akaenda kwenye mpaka wa kihamba kilichokuwa karibu, akarudi na jani refu la isale. Kwa Wachaga isale ndilo jani la kuombea radhi. Anayekuletea amekubali kosa, na kulikataa ni jambo zito sana. Alilileta kwa mikono miwili. Nilidhani analileta kwangu, na kwa hasira niliyokuwa nayo nilikuwa tayari kumwambia mimi si Mchaga. Alinipita. Akainama mbele ya mama mdogo, akamwambia, “Mama, nimekukosea.”

Mama mdogo amekaa Moshi maisha yake yote, alijua lile jani linamaanisha nini. Akilipokea, maneno yameisha, hawezi tena kudai zamu ile. Aliliangalia. Aliangalia chini kuelekea tambarare, ingawa kutoka pale shamba lake halionekani. Kisha akalipokea, akalishika mapajani.

“Zamu ya mtu siigusi,” mzee akamwambia. “Ya kwangu mwenyewe ni sasa hivi. Ichukue.”

Nilitaka kumbusu mkono. Lakini alikuwa hajamaliza. Alisema kihamba chake ni kidogo, kwa hiyo zamu yake ni fupi, na njia ya kushuka mpaka kule mwisho ni ndefu, ardhi yenyewe ina kiu na itakunywa kabla yetu. Alisema maji yatafika nusu ya shamba, hayatapita hapo, na yeye hana mengine ya kutoa. Wakati anasema hayo nyuma yake migomba yake mwenyewe ilikuwa imeinamisha majani. Meseji za kweli zianze kwenda mzunguko ujao, alisema, na akamgeukia mwanawe akamwambia afungue lango.

Nikashuka na mama mdogo kwa bodaboda, tumebanana nyuma ya dereva. Tuliyawahi maji. Shamba lilikuwa limepangika vizuri, mistari imenyooka kama mishono yake, kila mche umefungwa kwenye mti wake kwa kamba ya mkonge, maua ya njano kila mahali. Udongo ulikuwa umepasuka katikati ya mistari. Nilimweleza tena nilichofanya, kontena, diski nyingine, kwamba sasa haiwezi kurudia, kwamba kila kitu kinapimwa. Nadhani niliongea sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, anatazama mfereji.

Maji yakaja na povu na majani makavu mbele yake, mkondo mwembamba, mwembamba kuliko nilivyoomba. Yalipofika kichwani mwa shamba alichukua jembe lililokuwa limeegemezwa kwenye mti. Nikadhani anataka kufungua mtaro. Alinikabidhi mimi.

“Wewe ndiye unayepanga zamu,” aliniambia. “Panga.”

Hakusema kwa hasira. Nilisimama na jembe, maji yanazidi kusogea, na kila nilipokuwa nachelewa udongo ulikuwa unayanywa bure. Upande wa juu ulikuwa na maua mengi zaidi. Upande wa chini ndio aliouanza kuupanda, kila mche kwa mkono wake, mimi nikimbebea ndoo siku za Jumapili na kumtania kwamba ameolewa na nyanya. Hakuna seva duniani ya kunipimia hilo.

Nikakata mtaro, nikayaelekeza maji juu. Nikaziba upande wa chini kwa udongo na mguu wangu, nikaukanyaga mpaka hapakupenya hata tone. Nilipoinua kichwa mama mdogo hakuwa amesimama tena pembeni yangu. Alikuwa ameshashuka kule chini, amechuchumaa kwenye mstari wa kwanza, anafungua zile kamba za mkonge kwenye miche, moja moja, na kuzikunja mkononi ili zitumike tena.